Kitenge cha Mwalimu Ruthu

Ukitaka kumkasirisha Katekista Nikodemo wa Chamwino, mwite binti yake Ruthu hivi hivi tu, bila neno mwalimu mbele. Mzee hakuona taabu kukusahihisha hadharani. "Mwalimu Ruthu," angesema, fimbo ameielekeza kwako. Hata nyumbani, Ruthu akiwa amejifunga kanga kiunoni anapeta uwele, baba yake alimwita hivyo hivyo: mwalimu, hebu niletee maji, mwalimu, wale mbuzi wameshaingia? Watu walicheka, lakini walimwelewa. Mzee mwenyewe aliishia darasa la nne, njaa ikamtoa shuleni akaenda kuchunga ng'ombe wa watu, na kati ya watoto wake wote ni huyu mmoja tu aliyefika chuo cha ualimu. Ulitaka amwite nani?

Ruthu alikuwa akifundisha shule moja ya binafsi pale Kikuyu, Dodoma mjini, darasa la kwanza na la pili, wale wanaolilia mama zao mpaka saa nne ya chai. Aliipenda kazi ile jamani, acha tu. Mtoto aliyeshindikana kwa wenzake alipelekwa kwake, na baada ya wiki mbili tatu utamkuta amekaa kimya anasoma kwa kidole. Huko ndiko Cecilia alikomkuta.

Huyo Cecilia hakuwa mtu wa kuokotwa barabarani. Walizaliwa jirani hapo hapo Chamwino, wakaimba kwaya moja, wakala kande moja ya shule yenye wadudu. Kisha Cecilia akaolewa na Zablon, mhandisi wa kuchimba visima, na sasa kampuni ya Zablon ilikuwa imepata kazi nje ya nchi: kwanza Zambia, baadaye Botswana, baadaye tena Namibia. Hata hapa nchini, mtambo wa kuchimbia ukihama mji, nao walikuwa wanahama. Binti yao wa pekee, Aneth, alikuwa na miaka minane na alishahamishwa shule mara nyingi mpaka akasusa. Akikiona kitabu analia, anajifungia chooni.

"Shoga yangu, tuokoe," Cecilia alimwambia Ruthu, wamekaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya walimu. "Twende wote. Umfundishe mtoto nyumbani, popote tutakapokuwa. Tukirudi afanye mtihani wa kuingia ile shule ya bweni ambayo kila mzazi mjini hapa anaililia. Akifaulu, haki ya Mungu, tunakodi ukumbi, na mwalimu unavishwa kitenge mbele za watu. Baba yako anakaa meza ya mbele."

Zablon, aliyekuwa amesimama kando yao, akadakia kwamba mtu mwenye jina la yule Ruthu wa Biblia amezaliwa kufuatana na familia za watu ugenini, wakacheka wote.

Sasa, kuvishwa kitenge si jambo dogo. MC anaita jina lako na kazi yako, unasimama, wanawake wanaingia na sinia wakicheza, kitenge kinakunjuliwa na kutandazwa mabegani mwako, na kuanzia siku hiyo hakuna wa kukuuliza wewe ni nani. Ruthu alipompelekea baba yake habari, mzee aliinuka hapo hapo. Aliingia ndani, akatoka amevaa koti, akaenda kumwambia mchungaji. Jumapili baada ya matangazo akaomba nafasi kidogo. "Mwalimu Ruthu anakwenda kufundisha nchi za nje," akasema, akarudi kuketi. Kanisa zima likapiga makofi. Ruthu akaacha kazi Kikuyu, nafasi yake ikachukuliwa na mwingine kabla vumbi la chaki halijamtoka mkononi.

Mji wa kwanza ulikuwa Mongu, magharibi ya Zambia, kwenye mchanga mtupu. Walipewa nyumba ya kampuni, na Ruthu akapewa chumba kizuri chenye meza ya kazi. Jioni ya kwanza walikula ugali na samaki, wakazungumza sana, wakamcheka Zablon aliyepotea njia. Chakula kilipokwisha, Cecilia akainuka kukusanya vyombo.

Na hapo ndipo Ruthu alipokosea.

Aliinuka naye. Angefanyaje? Kwao msichana hakai akichokonoa meno wakati mwenye nyumba anabeba sahani. Akikaa, wanaotukanwa si yeye, ni mama yake aliyemlea. Ruthu akashika sufuria, Cecilia akamnyang'anya: "Acha bwana, wewe mwalimu." Ruthu akang'ang'ania: "Mwalimu hana mikono?" Wakavutana pale kwa vicheko, sufuria huku na huku, na mwisho Ruthu akaosha. Watu wa Chamwino wote wanaujua mchezo huu. Mgeni anang'ang'ania, mwenyeji anamkatalia, na kesho yake mwenyeji anamkatalia kwa nguvu zaidi, mpaka mgeni anakaa chini na heshima yake. Ni wajibu wa mwenyeji kuushinda mchezo. Cecilia alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Kesho yake Cecilia akasema acha, lakini kwa sauti ndogo. Keshokutwa hakusema. Alibaki kwenye kochi na simu yake, akasogeza miguu ili Ruthu apite na sahani.

Hakuna aliyemwamuru Ruthu kitu, hilo lazima lisemwe. Vilianza vyombo. Ikaja siku Cecilia anaumwa kichwa, Ruthu akapika. Ikaja siku maji ya bomba yametoka ghafla na nguo zimelowekwa, zingechacha, Ruthu akafua. Kazi ikishafanywa na mkono fulani inaujua mkono huo. Baada ya mwezi, Ruthu ndiye aliyekuwa anaulizwa chumvi imeisha lini, na meza ya kazi chumbani mwake imejaa nguo za kupiga pasi. Masomo ya Aneth yaliyokuwa asubuhi yakasogezwa baada ya chakula cha mchana, kisha yakahamia jikoni kabisa.

Lakini alifundisha. Nyie, alifundisha! Aneth alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akisoma kwa sauti huku Ruthu akimenya vitunguu, na akikosea neno, Ruthu hakuinua macho: "Rudia, mama, hilo umeliruka." Mtoto alikuwa anaogopa hesabu, Ruthu akampeleka kwenye mtambo wa baba yake. Akamwonyesha mabomba yanavyoshushwa kisimani moja juu ya jingine. Mabomba mangapi yameingia, kila bomba urefu gani, maji yako chini kiasi gani, bado robo ngapi kuyafikia? Aneth akaanza kumsubiri baba yake mlangoni amuulize leo wamefika wapi. Siku moja akamsahihisha Zablon mezani, na Zablon akaacha kula akamtazama mtoto kwa furaha. "Huyu ni wangu kweli," akasema. Ruthu alikuwa anapakua mboga. Kwa furaha akamwongezea mtoto mwiko wa pili.

Walipohamia Maun, kule Botswana, Aneth hakuwa analia tena. Alikuwa anasoma vitabu vya darasa la mbele yake. Huko Maun akaja mke wa mhandisi mwenzake Zablon, Mtanzania pia, kula chakula cha mchana. Akawasifu sana kwa mchuzi. "Na huyu ni nani?" akauliza, Ruthu akiwa amesimama na jagi la maji ya kunawa.

"Msaidizi wangu wa nyumbani," Cecilia akajibu, haraka, bila hata kumeza tonge. "Mtu wa kwetu kabisa. Bila yeye ningekufa."

Mgeni akanawishwa. Ruthu alimshikia beseni na hakumwaga hata tone. Alipoondoka yule mama, Ruthu akamfuata Cecilia chumbani, mikono ina povu bado.

"Cecilia, mimi nilikuja kufundisha."

"Kwani hufundishi?"

"Umesema mimi msaidizi."

Cecilia akacheka kidogo, akaanza kuvua hereni mbele ya kioo. "Jamani Ruthu. Ulitaka nimweleze nini, kwamba mwalimu ndiye ananishikia jagi? Angenionaje?" Kisha akageuka, akasema kwa upole kabisa, upole wa kuua: "Na si wewe mwenyewe uliyeanza? Kuna mtu alikulazimisha? Mongu pale, si nilikuambia acha?"

Ruthu akarudi jikoni kumalizia vyombo. Ni kweli aliambiwa acha. Kama Cecilia angekuwa mtu wa kabila jingine, wa nchi nyingine, mtu angesema hakuelewa. Huyu alielewa. Alikulia mlango wa pili, alifundishwa na mama wa aina ile ile, na aliitumia adabu ile ile kumfunga mwenzake kamba. Roho ilimuuma Ruthu mpaka akatamani kupakia nguo zake siku hiyo hiyo.

Angerudi wapi lakini? Kikuyu nafasi hakuna. Na Chamwino kuna mzee aliyesimama kanisani. Kila alipopiga simu, baba yake aliuliza swali moja: "Mwalimu, mwanafunzi anaendeleaje?" Ruthu alijibu anaendelea vizuri, na hilo halikuwa uongo. Basi akajikaza. Alijiambia kitenge kitamaliza yote. Siku ile MC atasema mwalimu, na hata yule mama wa Maun akiwepo atasikia. Alikifikiria kitenge kile mpaka akakijua rangi: alikipa rangi ya buluu.

Walimaliza Namibia, wakarudi Dodoma Aneth akiwa na miaka kumi na akili kama wembe. Zablon alikuwa na nyumba yake upande wa Kikuyu, na Ruthu akaingia jikoni mwake kama kawaida. Mtihani ulikuwa umekaribia. Cecilia akapata woga wa wazazi wa mjini, akampeleka Aneth tuisheni kwa Mwalimu Marko, kijana mwenye jina kubwa kwa kupitishia watoto mitihani. Marko alimfundisha wiki tatu. Mwenyewe alisema, tena kwa uungwana, kwamba mtoto huyu amekuja ameshaiva, yeye anampangusa vumbi tu.

Aneth akafaulu. Si kufaulu tu, alikuwa wa pili katika orodha nzima. Cecilia alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Akamkumbatia Ruthu, akamzungusha. "Sherehe, shoga! Mwambie baba yako aje!" Alimwita shoga, kitu ambacho hakikusikika tangu Mongu. Ruthu akaenda nyuma ya nyumba akalia peke yake, kilio kizuri.

Katekista Nikodemo alikuja mjini na koti lake, na shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa. Alikuwa ametunga maneno ya kushukuru. Aliyasema kwa Ruthu wakiwa wawili ndani ya bajaji: atawashukuru Zablon na Cecilia kwa kumheshimu mwanawe, atasema juu ya darasa la nne na ng'ombe wa watu, na atamalizia kwamba leo mtoto wa mchunga ng'ombe amekuwa mwalimu wa mataifa. "Mataifa si makubwa mno?" akauliza. "Hapana baba," Ruthu akasema. "Liache hivyo hivyo."

Ukumbi ulipambwa haswa. Mzee hakuwekwa meza ya mbele. Kijana wa mapokezi alimwonyesha kiti karibu na mlango wa jikoni, na mzee akakaa huko, fimbo katikati ya magoti. Ruthu alidhani wamekosea, atawaambia. Kabla hajawaambia, Cecilia akamwita pembeni. Alikuwa ameshika sinia lenye maua pembezoni, na juu yake kitenge kimekunjwa vizuri. Cha buluu, Mungu wangu.

"Ruthu mpenzi, MC akiita mwalimu, wewe utangulie na sinia. Unajua kucheza, wenzako watakufuata."

Anayevishwa habebi sinia lake mwenyewe. Hilo hata mtoto wa chekechea anajua. "Mwalimu ni nani?" Ruthu akauliza.

Cecilia akatazama kando. "Marko. Usinielewe vibaya. Watu wote hawa wamekuja kwangu, wamekuona unawaandalia chai. Leo nisimame niseme msaidizi ndiye kamfundisha mtoto? Watasema Zablon alishindwa kutafuta mwalimu. Watu wanamjua Marko. Wewe ni wa ndani, Ruthu. Sisi na wewe tunajua."

Angeweza kulitupa lile sinia. Wengine tungelitupa, na kitenge tungekikanyaga. Ruthu alilipokea. Mikono ile ile iliyopokea sufuria Mongu ililipokea sinia, kwa sababu mtu akikunyooshea kitu, unapokea, ndivyo alivyolelewa. Muziki ukapigwa. MC akaita, "Tumlete mwalimu, mwalimu aliyemtoa mbali mtoto wetu!" na kule kando ya mlango wa jikoni mzee Nikodemo akaanza kuinuka, akashika koti lake kulifunga vifungo. Alimwona binti yake akiingia na sinia kichwani. Akabaki amesimama hivyo, kifungo kimoja mkononi.

"Mwalimu Marko!" MC akamalizia.

Marko alisimama na aibu zake, akavishwa. Aneth, kwenye kiti chake kilichopambwa, alimvuta mama yake mkono, sauti yake ikafika mpaka mlango wa jikoni: "Mama, si ni Mwalimu Ruthu?" Kisha vigelegele vikammeza, na mpiga picha akamwambia atabasamu.

Baadaye mtu mwema mmoja alikumbuka kwamba kuna mzee aliomba kusalimia. MC akampelekea kipaza sauti. "Huyu ni mzazi wa yule dada yetu anayesaidia nyumbani," akasema. "Mzee, kwa kifupi." Nikodemo akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akautazama ukumbi, akamtazama Ruthu aliyekuwa anapita na sahani chafu. Mtu aliyehubiri chini ya jua miaka na miaka, ambaye huwezi kumnyamazisha, siku ile alisema maneno haya: "Mimi ni baba yake Ruthu. Tunashukuru kwa chakula." Akarudisha kipaza sauti, akakaa.

Usiku ule ule wakarudi Chamwino. Ruthu hakurudi tena kwa Cecilia; nguo zake alizifuata siku nyingine Cecilia akiwa saluni. Kitu kimoja alitaka kumwambia baba yake njiani, kwamba alimfundisha yule mtoto kweli, kila herufi. Mzee akamkatiza kabla hajafika mbali: "Najua, mwalimu. Nilimsikia mtoto."

Asubuhi baada ya sherehe, mama Sikudhani, jirani, mwanamke wa kuulizia mambo mpaka mwisho, akaja kabla ya chai. Ruthu alikuwa jikoni anasugua sufuria, akamsikia anapiga hodi.

"Katekista, shikamoo. Habari za mjini? Mwalimu wetu kavishwa?"

 Ruthu aliacha kusugua. Alingoja baba yake aseme ukweli, kwa sababu hakuwahi kumsikia akisema kingine. Mtu huyu alishawahi kurudi shambani kwa mtu kuungama alichuma tikiti moja.

"Kavishwa," baba yake akasema. "Ukumbi mzima ulisimama."

"Aleluya! Kitenge cha rangi gani?"

"Buluu."

"Basi tukione!"

"Kiko kwa fundi," mzee akasema. "Kinashonwa."

Wiki ile mbuzi dume mmoja, yule mweupe, hakuonekana zizini. Jumatano mzee alidamka akaenda mjini, na aliporudi alikuwa na mfuko wa plastiki wa maduka ya Majengo. Hakumvisha Ruthu mabegani. Aliweka mfuko juu ya kinu, akatazama pembeni. "Kashone upesi," akasema. "Jumapili watataka kukiona." Kitenge chenyewe hakikufanana hata kidogo na kile cha ukumbini, kilikuwa buluu ya bei rahisi, ya kuchuja ukikifua mara mbili. Ruthu alitaka kumwambia hatakivaa. Akamtazama mzee, akakichukua.

Jumapili akakivaa. Wanawake walimzunguka nje ya kanisa, wakashika kitambaa, wakamgeuza, mama Sikudhani akapiga kigelegele cha kuamsha wafu. "Hawa watu walikuthamini, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka kwa furaha ya kweli.

"Ndiyo, mama," Ruthu akajibu.

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana, ambayo mwenye dhambi asiyoiungama haisogelei. Kwao wanaume wanakaa upande wao na wanawake upande wao, na wazee ndio hutangulia mbele, Katekista Nikodemo akiwa wa kwanza miaka yote tangu Ruthu ajifahamu. Mchungaji akakaribisha. Wazee wakainuka, wakasita, wakageuka kumngoja. Nikodemo hakuinuka. Alibaki kwenye benchi ameshika fimbo yake, macho chini, mpaka mzee aliyekuwa nyuma yake akapita polepole na wengine wakafuata. Foleni ya wanawake ilipofika kwenye benchi la Ruthu, mama Sikudhani alimgusa bega, twende mwalimu. Ruthu akasogeza magoti ampishe, akabaki amekaa.

Waliporudi nyumbani mzee alivua koti, akalitundika, akaomba maji ya kunywa. "Ruthu," akaita, "hebu niletee maji."